Kufundisha hesabu darasa la awali ukiwa na projekta moja na vishikwambi vya kuazimana

Kabla hujawasha kifaa chochote, mwite mtoto mmoja pembeni, mmwagie vizibo vya soda kama kumi na tano hivi mezani, umwambie "naomba vitatu". Usimsaidie, usimtolee macho ya kumpa jibu, subiri tu. Mtoto anayeimba moja mpaka ishirini bila kukosea, yule ambaye mama yake anasema wangu hesabu anajua, anachota kiganja kizima anakupa. Mwambie hebu hesabu, anahesabu vizuri kabisa mpaka saba, muulize "kwa hiyo hivi ni vitatu?" anakujibu ndiyo. Karen Wynn, mtafiti wa saikolojia ya watoto, alichapisha utafiti wa jambo hili mwaka 1990, na ukiwapima watoto wako utaona kilekile: mtoto anaielewa moja kwanza, inapita miezi anaelewa mbili, halafu tatu, na muda wote huo namba zilizobaki kwake ni "nyingi" tu. Halafu inafika siku anashtuka kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndo idadi yenyewe, na kuanzia hapo anafunguka.

Nimeanza na hilo makusudi, kwa sababu apu nyingi za hesabu za watoto na video nyingi zinafundisha kile ambacho mtoto tayari anakiweza, yaani kuimba namba na kuitambua sura ya 5 akiiona. Watafiti Gelman na Gallistel walishaeleza tangu 1978 kwamba ndani ya kuhesabu kuna mambo matano: kila kitu kitajwe mara moja tu, majina ya namba yafuatane vilevile kila siku, namba ya mwisho ndo jibu la "ngapi", chochote kinahesabika hata kama havifanani, na ukianzia kushoto au kulia au katikati jibu ni lilelile. Yaweke hayo kichwani. Ukikutana na apu au slaidi yoyote jiulize inagusa lipi kati ya hayo, kama haigusi hata moja achana nayo hata kama katuni zake ni nzuri namna gani.

Msimamo wangu ni huu, mkono wa mtoto utangulie, skrini ifuate, na skrini ikishawashwa maneno ya watoto yaongezeke siyo yapungue. Ukiona darasa limetulia kimya wanaangalia tu, zima, hapo hakuna hesabu inayoendelea.

Vifaa tulivyonavyo

Ubao wa kidijitali wa kugusa wengi wetu tunausikia tu, na sio lazima. Huku Tanzania walimu wengi tuna vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vikagawiwa kwa walimu baada ya zoezi kuisha. Wenzetu wa Kenya tableti zilianza kwenda shule za msingi 2016 kwa watoto wa darasa la kwanza, na mwalimu wa PP1 au PP2, yaani madarasa yao ya awali, akiongea vizuri na wenzake anaweza kuazima. Shule nyingine ina laptopu ya ofisini na projekta inayotoka siku za mikutano ya wazazi. Hivyo vinatosha sana.

Na asikwambie mtu hakuna programu za maana za Kiswahili. Mashindano ya Global Learning XPRIZE yalifanyiwa majaribio Tanga, vijiji 170, watoto karibu 3,000, wengi wao walikuwa hawaendi shule, wakapewa vishikwambi na vituo vya kuchaji kwa sola na programu tano zikapimwa kwa miezi 15. Mwaka 2019 Kitkit School na onebillion wakatangazwa washindi wa pamoja, na zote tano zilizofika fainali ziliachwa wazi yeyote azitumie bure, kwa Kiswahili na Kiingereza, kusoma, kuandika na hesabu. Wale watoto wa Tanga hawakuwa na mwalimu pembeni wa kuwauliza umejuaje. Wa kwako wanaye, na hilo swali la umejuaje ndo sehemu ambayo hakuna programu inakushinda wewe.

Kupanga darasa

Projekta ikiwa juu kama ya ukumbini, watoto wanageuka watazamaji. Shusha picha. Ukingo wa chini ufike karibu na magoti ya mtoto, wa juu pale anapofika akinyoosha mkono. Ukiimulika kwenye ubao mweupe, ule wa kuandikia kwa kalamu ya kufutika, umeshapata ubao wa kugusa kwa bei ya kalamu: picha ya maembe inatokea, mtoto anakuja anazungushia matatu, anafuta, anakuja mwingine anazungushia matatu tofauti, na darasa linabishana kama yote ni sawa. Kama una ubao mweusi peke yake tundika shuka jeupe lililovutwa vizuri, watoto watakuwa wananyoosha kidole badala ya kuandika. Madirisha ya upande wa jua ziba kwa kanga nzito. Wafundishe kusimama ubavuni mwa picha, wasigeuke kuangalia taa ya projekta hata mara moja maana inaumiza macho, na waya upite ukutani ubandikwe kwa utepe wa gundi, watoto wa miaka mitano hawaangalii chini.

Kila mtoto aliyekaa awe na vizibo vyake au vijiti vyake. Hili usiliruke. Kwenye darasa la sitini, mmoja akiwa mbele anahamisha maembe kwenye picha, hamsini na tisa waliobaki wanahamisha vizibo sakafuni, hakuna anayesubiri zamu yake akiwa mikono mitupu.

Mchezo wa kuchungulia

Huu naupenda kuliko yote na ndo ningeanza nao. Tengeneza slaidi kwenye PowerPoint au LibreOffice, kila moja ina madoa makubwa meusi, moja mpaka tatu kwa wiki za mwanzo. Ingia kwenye onyesho la slaidi, onyesha moja, hesabu kimoyomoyo sekunde moja au mbili, halafu bonyeza herufi B kwenye kibodi, skrini inakuwa nyeusi, ukibonyeza tena inarudi. Watoto wanaonyesha kwa vidole walichoona, vidole kifuani siyo juu, ili wasiigane. Hawana muda wa kuhesabu moja moja, inabidi walione kundi kwa mkupuo. Kisha unauliza "umeonaje?" na hapa usiwe na haraka. Kwa madoa matano mmoja atasema nimeona mbili juu mbili chini na moja katikati, mwingine nimeona nne na kamoja kamebaki, mwingine tatu za mlalo na mbili pembeni. Hao wote wametenganisha tano, wamefanya kujumlisha kabla hujawaonyesha alama ya kujumlisha. Kila jibu rudisha slaidi, mwite mwenyewe aje azungushie kwa kalamu kile alichokiona.

Ukiona tatu zimekuwa rahisi nenda nne, tano, badilisha mpangilio uwe wa kuchanganyika, sio kila siku ule wa dadu, maana wanaweza kuukariri kama picha bila kuujua ni ngapi. Kabla ya madoa ya skrini tumia kwanza kanga: vizibo chini, funika, funua, funika. Skrini inakuja kwa sababu inafanya ukubwa ambao hata aliyekaa nyuma kabisa anauona.

Kuhamisha, kuficha, kujaza

Siri moja ambayo walimu wengi hawaitumii: kwa michezo hii, tofauti na kuchungulia, usiingie kwenye onyesho la slaidi. Baki kwenye ukurasa wa kutengenezea, hapo kila picha inaburutika kwa mausi, na ukiwa na kishikwambi inaburutika kwa kidole. Weka picha moja ya embe, bonyeza Ctrl na D kwenye PowerPoint, au Ctrl na C kisha Ctrl na V kwenye LibreOffice, mpaka yawe mengi, chora mstari katikati ya ukurasa. Mtoto anaburuta embe moja kuvuka mstari, darasa zima linataja namba, embe la pili, namba ya pili. Yule anayehesabu haraka kuliko kidole chake, anayesema saba wakati yamevuka matano, hapo anajiona mwenyewe. Huna haja ya kumwambia kakosea, mwambie tu turudishe tuone tena.

Akimaliza uliza "yako mangapi?" na unyamaze. Akianza kuhesabu upya kutoka moja, bado hajafika, mrudishie siku nyingine na namba ndogo. Akijibu moja kwa moja "matano" basi sambaza maembe yaachane mbali, uliza tena. Wengi watasema yameongezeka, kwa sababu yameenea. Yakusanye, yasambaze, wahesabu wenyewe. Hili ni gumu kwao na linachukua wiki nyingi, usilikimbize.

Kuficha ni hivi: chora boksi kubwa lenye rangi, liweke mbele ya picha zote. Wana vifaranga watano wanaowajua, wamewahesabu. Buruta boksi lifunike baadhi, wanaonekana watatu, "wamejificha wangapi?" Watoto wanakunja vidole, wananong'onezana, mwingine anataka kuja kuchungulia nyuma ya ukuta. Sogeza boksi taratibu. Kaa kwenye tano mpaka kila mtoto ajue tano inavunjwaje, nne na moja, tatu na mbili, tano na hakuna, ndipo uende sita. Naona tunaharakisha sana kufika kumi na mtoto anaingia darasa la kwanza anajumlisha kwa vidole mpaka anachoka.

Kisha fremu ya kumi. Weka jedwali la safu mbili, vyumba vitano kila safu, jaza juu kwanza kutoka kushoto. Ichore hiyohiyo sakafuni kwa chaki, kubwa, watoto wasimame ndani. Saba ni safu ya juu imejaa na wawili chini, mtoto akiizoea ataiona saba kama tano na mbili, na tatu tupu zilizobaki zinamwambia kumi iko umbali gani. Kwa wale walioiva, fremu mbili: moja imejaa, ya pili ina watatu, na wanasema kumi na tatu wakiwa wanaiona kumi na wanaiona tatu.

Umbo

Onyesha pembetatu iliyosimama vizuri, wote wanasema pembetatu. Ishike ile nukta ya kuzungushia juu ya picha, izungushe taratibu mbele yao mpaka ncha iangalie chini. Sasa waulize. Nusu ya darasa watasema siyo, imeanguka. Irudishe, igeuze tena, ihesabuni pande na pembe kila ikigeuka, ivute iwe nyembamba ndefu, bado pande tatu. Hiki kitu karatasi ya mabango haiwezi, bango linabaki na pembetatu ileile iliyosimama mwaka mzima na mtoto anaamini pembetatu ni ile tu.

Halafu watoke nje na kishikwambi, kundi la watoto watano, wapige picha za duara na mstatili. Watakuletea mfuniko wa ndoo, tairi iliyofukiwa uwanjani, tofali, dirisha la ofisi, sufuria la uji. Mkirudi zionyeshe ukutani na kila kundi lieleze kwa nini walisema hiki ni duara. Kamera iangalie vitu, zile picha zenye sura za watoto zifute kabla hujamrudishia mwenye kifaa, na usizitupie kwenye magrupu.

Kishikwambi kimoja, watoto watano

Darasa la sitini huwezi kumpa kila mtoto kifaa, na hata ungeweza nisingeshauri kwa umri huu. Gawa vituo: kituo cha mchanga na makopo ya kupimia, cha vizibo, cha kuchora, cha kishikwambi. Kwenye kishikwambi mmoja anagusa, mmoja anahesabu kwa sauti, mmoja anapanga vizibo sawa na vile vya kwenye skrini, wawili wanakubali au wanakataa kabla ya kugusa. Wimbo mfupi ukiimbwa wanabadilishana. Aliyekataa anatakiwa aseme kwa nini, hata kama ni "kwa sababu umeruka kale kengine".

Kabla hujakiweka mezani washa hali ya ndegeni. Bando lako halitaliwa na matangazo hayatatokea katikati ya mchezo, maana apu za bure nyingi zinaishi kwa matangazo na baadhi ya hayo matangazo mtoto hapaswi kuyaona. Kama apu haifanyi kazi bila intaneti, hiyo haikufai darasani. Kwenye Android kuna pia sehemu ya kubandika programu kwenye mipangilio ya usalama, ukiibandika watoto hawatoki kirahisi kwenda kwenye picha zako za harusi au WhatsApp. Ukiwa na laptopu ya zamani kuna Kolibri, programu ya masomo ya kidijitali, ni ya bure, ukishaipakua na masomo yake intaneti haihitajiki tena na vishikwambi vinaweza kusoma kutoka humo kwa waifai ya ndani tu.

Kuchagua apu, kaa nayo nyumbani ucheze ukiwa umekosea makusudi. Angalia inafanya nini. Kama jibu la kosa lina kelele ya kuchekesha kuliko jibu sahihi, watoto watakosea kusudi kila mara wapate kucheka. Kama inaruhusu kugusagusa mpaka ipatikane, mtoto atagusagusa na mwisho atapata nyota. Kama ina saa inayokimbia, izime au iache, hofu haisaidii mtu kuelewa nne. Nzuri ni ile inayorudisha vitu vihesabiwe tena, inayoanza na idadi ndogo, na inayotamka Kiswahili cha nyumbani. Hapo kwenye kutamka kuna kazi yako pia: sauti ya apu itasema "tano" tu, wewe sema "vizibo vitano, watoto watano, maembe matano", maana mtoto anatakiwa aijue tano hata ikivaa nguo tofauti.

Muda

Dakika kumi mpaka kumi na tano za skrini kwa kipindi, inatosha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri watoto wa miaka mitatu na minne wasizidishe saa moja kwa siku ya kukaa mbele ya skrini, na ikipungua ni bora, na humo kuna televisheni ya nyumbani na simu ya baba pia, hivyo wewe huna saa nzima ya kutumia. Gawa kipindi hivi: anza na mikono, vizibo na kuruka sakafuni, weka skrini katikati, malizia na mikono tena. Umeme ukikatika katikati usiahirishe somo, slaidi zako za madoa zichore pia kwenye maboksi yaliyokatwa, ziwe kwenye kabati, kuchungulia kunaendelea vilevile.

Nyota na pointi za kwenye apu usiziandike kwenye rekodi ya mtoto. Rudi kwenye meza ya pembeni, vizibo, "naomba vitatu", "naomba vitano", watoto wanne au watano kwa siku wakati wenzao wako kwenye vituo, ndani ya wiki mbili hivi tatu umeshazunguka darasa zima. Andika namba kubwa kuliko zote aliyokupa sahihi bila kusaidiwa, na tarehe, basi. Hiyo namba ndo inakwambia kesho kwenye kuchungulia uweke madoa mangapi, na nani akae na nani kwenye kishikwambi, maana anayeelewa mbili akiwekwa na wanaoelewa saba atakuwa anaitikia tu.

Wazazi watakuomba jina la apu wakaweke kwenye simu. Ukiwapa, wape na kazi ya mkono iende nayo: jioni mtoto agawe vijiko mezani, kila mtu kimoja, aseme vimebaki vingapi. Watumie kwa sauti kwenye grupu la darasa siku ya Ijumaa, mchezo mmoja tu kwa wiki, sauti isizidi dakika moja, wengi watausikiliza wakiwa kwenye daladala.